Jina Kwenye Pindo la Kanga

Bwejuu siku huhesabiwa kwa maji. Bamvua likiingia, bahari hujivuta mpaka karibu na mwamba, pwani ikabaki nyeupe na pana, na wanawake wakashuka na vigingi na kamba kwenda kwenye mashamba ya mwani. Maji mafu yakifika, bahari haiondoki ya kutosha; mwani huachwa ukue wenyewe, na mikono hurudi kwenye makumbi, kuyapiga na kuyachambua mpaka yatoe usumba wa kusokotea kamba. Kutoka bamvua moja hadi jingine ni wiki mbili. Hesabu hiyo ndiyo iliyonisaidia, miaka mingi baadaye, kuelewa kilichompata shangazi yangu. Alimeza vidonge bamvua moja. Bamvua lililofuata alikuwa amelazwa juu ya majani ya mgomba, ngozi yake ikimtoka.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 1990. Mwani ulikuwa bado mgeni kwetu. Kilimo chake cha biashara kilianza katika mwambao huu wa mashariki, pande za Paje na Jambiani, mwaka 1989, na kwa wanawake wengi fedha yake ilikuwa ya kwanza kuishika kwa mikono yao wenyewe na kuifunga kwenye pindo la kanga bila ya kuulizwa na mtu. Shangazi alikuwa na miaka thelathini na kitu, hodari wa kazi. Akashikwa na homa, kiuno kikamuuma, haja ndogo ikawa inamchoma. Akapewa vidonge vya aina tatu, kila aina imefungwa katika kipande cha gazeti, na juu ya kila kipande pameandikwa kwa kalamu: 2x2, 1x3, 1x3. Majina hayakuwapo. Vyote vilikuwa vyeupe. Alivimeza kwa uaminifu, maana tumefundishwa kwamba dozi humalizwa, na baada ya siku saba akapona akarudi baharini.

Siku ya kumi na mbili au kumi na tatu tangu kidonge cha kwanza, macho yalianza kumwasha kama aliyeingiwa na mchanga. Usiku homa ikapanda. Asubuhi midomo ilikuwa imevimba na ndani ya kinywa mna vidonda, hata uji wa mchele ulimshinda. Madoa yakatokea kifuani, ya rangi ya zambarau iliyokoza, na kilichotushangaza ni kwamba hayakumwasha, yalimuuma. Kanga ikimgusa begani, alilia. Jirani mmoja akasema ni surua ya ukubwani. Mwingine akasema jini la baharini limemkumba, maana alizoea kubaki shambani mpaka maji yamfike kiunoni. Wa tatu alinong'ona habari za hasadi: mwani wake ulikuwa unastawi kuliko wa wenzake. Vidonge havikutajwa na mtu yeyote. Vipi vitajwe? Vilikuwa vimekwisha, na vilikuwa vimemponya.

Siku ya tatu yalitoka malengelenge. Bibi alipotaka kumgeuza, ngozi ya mgongo ilihama chini ya kiganja chake kama ganda la yai lililochemshwa. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na moja, nimesimama mlangoni na ndoo ya maji, na ninakumbuka sauti ya bibi kuliko ninavyokumbuka kilio cha shangazi. Alisema taratibu, kama anayejisemea: “Kama aliyemwagiwa maji ya moto.” Kisha akatoka na kisu, akakata majani machanga ya mgomba, akayapitisha kwenye maji yanayochemka, akayapoza na kuyatandika juu ya mkeka, kwa kuwa shuka ilikuwa inang'ang'ania nyama. Juu ya majani hayo shangazi alilala mpaka gari ilipopatikana ya kumpeleka Mjini, kilomita zipatazo 60, kwa barabara ambayo kila jiwe lake alilihisi.

Kiswahili kina neno kwa lililompata: alibabuka. Ni neno la wapishi na wavuvi, la mtu aliyeunguzwa na mvuke wa sufuria au na jua la mtumbwini. Neno hilo limekuwa likinirudia kwa sababu ya umbo lake. Kubabua kuna mtendaji; moto humbabua mtu. Kubabuka hakuna mtendaji. Ngozi imebabuka, kama kikombe kilivyovunjika na kama jani lilivyodondoka, na sentensi imetimia bila ya kumtaja aliyefanya. Nadhani ndiyo maana nyumba yetu ilijaa watendaji wa kubuni siku zile. Kitenzi kilituachia nafasi tupu, tukaijaza kwa jini na kwa hasadi, na mwenye nafasi yake, kidonge kidogo cheupe kilichofungwa kwenye gazeti, akapita kati yetu bila ya kuitwa.

Miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma habari za maradhi haya, nilikutana na daktari wa ngozi wa Scotland, Alan Lyell. Mwaka 1956 aliandika juu ya wagonjwa wanne ambao ngozi ya juu ilikuwa imewatoka kwa mapande, na katika anwani ya makala yake alisema kwamba hali hiyo inafanana na kuunguzwa kwa maji ya moto. Nilisita kwenye sentensi ile. Mtu wa Aberdeen ambaye hakuwahi kuisikia Bwejuu, na mwanamke wa Bwejuu ambaye hakuwahi kuingia skuli ya kizungu, wameitazama ngozi ileile na kulifikia fananisho lile lile. Tofauti yao ni moja. Lyell aliandika, na wenziwe wakaanza kuuliza kila mgonjwa: umekunywa dawa gani?

Kabla yake, mwaka 1922, madaktari wawili wa New York, Stevens na Johnson, walieleza habari za watoto wawili wa kiume waliokuwa na homa, vipele mwilini, vidonda vya kinywa na macho yaliyoharibika vibaya. Majina ya madaktari hao ndiyo yaliyobaki kuwa jina la ugonjwa. Leo wataalamu wengi huyaona maradhi ya Stevens na Johnson na yale ya Lyell kuwa ugonjwa mmoja wenye viwango. Ngozi iliyobanduka ikiwa chini ya asilimia 10 ya mwili, huitwa kwa jina la Stevens na Johnson. Ikizidi asilimia 30, huitwa kwa jina la Lyell. Katikati yake ni mpaka wa yote mawili. Katika kiwango cha kwanza hufa mgonjwa mmoja hivi katika kila kumi. Katika cha mwisho hufa mmoja katika kila watatu, na pengine zaidi. Ni ugonjwa wa nadra. Huwapata watu wachache tu katika kila milioni kwa mwaka. Lakini aliyeupata hapatwi kwa sehemu ya milioni. Hupatwa mzima mzima.

Kinachotokea ndani ya mwili nacho kina huzuni yake. Dawa haiunguzi ngozi kama tindikali inavyounguza. Dawa, au kilichobaki baada ya mwili kuivunjavunja, hujishikiza kwenye chembe za mtu, na askari wa mwili, zile chembe nyeupe zinazotulinda na virusi, huitazama ngozi ya mwenyewe na kuiona imeingiliwa na adui. Mwaka 2008 watafiti wa Taiwan walichunguza maji ya ndani ya malengelenge ya wagonjwa wakakuta yamejaa granulisini, silaha ambayo askari hao huitumia kuua. Watu husema mwili umeikataa dawa. Ni msemo mzuri, lakini haumalizi habari. Mwili hujikataa wenyewe kwa sababu ya dawa.

Kwa nini mwili huu na si ule? Sehemu ya jibu imo katika nasaba. Askari hao hutambua adui kwa kutumia vibandiko ambavyo kila mtu hurithi kwa wazazi wake. Mwaka 2004, hukohuko Taiwan, iligunduliwa kwamba wenye kibandiko cha aina fulani wako katika hatari kubwa wakipewa karbamazepini, dawa ya kifafa. Mwaka uliofuata likaonekana jambo kama hilo kwa alopurinoli, dawa ya jongo. Karibu na kwetu, huko Malawi, watafiti walikuta kibandiko kingine kinachohusiana na kubabuka kwa watu waliokunywa nevirapini, dawa iliyowahi kuokoa maisha ya wengi wenye virusi vya Ukimwi. Kwa hiyo hakuna dawa ambayo ni mbaya kwa kila mtu, wala hakuna mtu ambaye ni dhaifu kwa kila dawa. Yapo makutano ya mtu huyu na dawa hii. Ndiyo maana jina ni la lazima. Makutano hayaepukiki ikiwa huijui hata njia moja kati ya zile mbili.

Pale hospitali, swali liliulizwa. Naambiwa daktari alilirudia mara tatu: alimeza nini? Ami yangu akajibu, vidonge vyeupe. Vya nini? Vya homa na kiuno. Karatasi zake ziko wapi? Vile vipande vya gazeti bibi alikuwa amewashia jiko. Kwenye kadi ya shangazi yakaandikwa maneno matatu yasiyomsaidia yeye wala atakayemtibu baada yake: mzio wa dawa.

Alilazwa kwa majuma. Hakuna kidonge cha kuurudisha ugonjwa huu nyuma kwa siku moja. Tiba yake kubwa ya kwanza ni kuacha dawa iliyousababisha, mapema iwezekanavyo, kisha kumhudumia mgonjwa kama aliyeungua: kumrudishia maji yanayomvuja, kumlisha, kumkinga na baridi, kulinda nyama iliyo wazi isiingiwe na vijidudu, na kuyasafisha macho kila siku yasigandane. Bibi hakujua lolote katika hayo, lakini majani yake ya mgomba hayakuwa ya kudharauliwa. India madaktari wameyatumia majani hayo, yakiwa yamesafishwa kwa mvuke, kufunikia vidonda vya kuungua, na wakaandika kwamba hayang'ang'anii kidonda na maumivu ya kuyabandua ni madogo. Shangazi alirudi akiwa hai. Ngozi ilirudi na madoadoa yake, kucha zilitoka zikaota nyingine. Macho hayakurudi kama yalivyokuwa. Kope ziligeukia ndani, machozi yakakauka, na ule mng'aro wa mchanga mweupe wa Bwejuu saa sita mchana, ambao wageni husafiri nusu ya dunia kuuona, ukawa mwiba kwake. Hakurudi tena kwenye mwani. Alikaa kivulini na makumbi.

Nikijiuliza kwa nini watu wazima wote wale hawakuvishuku vidonge, jibu moja naliona katika klorokwini. Kila mtu wa rika langu na juu yake anaikumbuka. Ukiugua malaria, ulimeza vile vidonge vichungu, na usiku ukaja mwasho usiokuwa na kipele, mwasho wa nyayo na viganja na kichwa, mtu akajikuna mpaka alfajiri. Wengi wa watu weusi walipatwa nao, na wapo waliovificha vidonge chini ya mto kwa kuuogopa. Lakini mwasho ule haukuua. Ulipita baada ya siku mbili au tatu. Ukatufundisha somo la kosa, kwamba dawa kuishika ngozi ni jambo la kawaida na la kuvumiliwa, na kwamba hutokea usiku uleule wa kumeza. Ugonjwa wa shangazi ulivunja kanuni zote mbili. Haukuwa wa kuvumiliwa, na haukuja usiku uleule.

Hapo ndipo penye siri ya maradhi haya, na ningependa kila msomaji aondoke nayo. Kwa kawaida huja kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu mtu aanze dawa mpya. Siku 28 ni mabamvua mawili. Ni karibu mwezi mzima, kuandama hadi kuandama. Katika muda huo mtu huwa ameshapona ugonjwa wa kwanza, ameshakula karamu, amesafiri, amemeza Panadol kwa kichwa na dawa ya kikohozi kwa mafua. Anapobabuka, jicho hukimbilia kitu cha jana: pweza aliyeliwa, sabuni mpya, jirani aliyemtazama vibaya. Mkosaji wa kweli ameshatangulia kwa wiki mbili. Basi swali lisiwe “umemeza nini leo?” Liwe “umemeza nini tangu mwezi ulipoandama?”

Zipo nyakati ambapo watu waliuliza hivyo, wakaandika, wakahesabu, na maisha yakaokolewa. Nairobi ni mfano wa karibu. Kwa miongo mingi kifua kikuu kilitibiwa Afrika Mashariki kwa mchanganyiko uliokuwa na thiasetazoni, dawa ya bei rahisi sana ambayo nchi maskini ziliimudu. Wengi waliimeza na kupona. Kisha Ukimwi ukaingia. Dawa ilikuwa ileile, ila miili iliyoipokea ilikuwa imebadilika. Madaktari wa Nairobi waliwafuatilia wagonjwa wao jina kwa jina, na matokeo yalipochapishwa mwaka 1991 yalionyesha kwamba, kati ya wenye virusi vya Ukimwi, takriban mmoja katika kila watano alipatwa na madhara ya ngozi kwa dawa ile. Kati ya wasiokuwa navyo, alikuwa mmoja hivi katika kila mia. Wengine walikufa. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likashauri thiasetazoni isitolewe kwa wenye virusi, na nchi zikaanza kuiweka kando. Nawaza wangapi walizikwa kabla ya hesabu ile, na jamaa zao wakaambiwa ni kazi ya Mungu. Ni kazi ya Mungu, hilo halina ubishi. Lakini Mungu ametupa na kalamu.

Mfano wa pili ni Fansidar, mchanganyiko wa dawa mbili ambao Tanzania tuliuzoea kwa herufi mbili, SP. Mojawapo ya hizo mbili ni ya ukoo wa salfa. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 Wamarekani waliosafiri kuja sehemu kama zetu walishauriwa kuimeza kila wiki ili kujikinga na malaria iliyokwisha kuizoea klorokwini. Kati ya 1982 na 1985 zilikusanywa taarifa za wasafiri 24 waliobabuka vibaya, na 7 kati yao walikufa. Ushauri ulibadilishwa haraka. Nasoma takwimu ile kwa heshima, kisha nasikia uchungu. Watu 24 waliotawanyika katika nchi kubwa namna ile walionekana, kwa sababu kila mmoja wao alijua jina la alichokimeza, na alikuwapo mtu wa kupelekewa jina hilo.

Tanzania Bara ilipoiacha klorokwini mwaka 2001 na kuifanya SP kuwa dawa ya kwanza ya malaria, habari za watu waliobabuka zilienea kwa magazeti na kwa midomo. Hofu ilikuwa kubwa. Wapo waliokataa kuimeza, wakarudia klorokwini iliyokuwa imeshashindwa. Ukweli ni kwamba dozi moja ya kutibu malaria haina hatari sawa na kumeza wiki baada ya wiki, na malaria yenyewe ilikuwa ikiua watoto kila siku. Lakini ukweli huo ulichelewa. Uvumi ulikuwa umeshafika. Zanzibar tulipita njia nyingine. Mwaka 2003 tuliiacha klorokwini na kwenda moja kwa moja kwenye dawa mseto zenye atesunate, na Bara wakafuata kwa dawa mseto yao mwishoni mwa 2006. Siitaji SP ili kuitia doa. Iliokoa watu, na mpaka leo katika nchi nyingi za Afrika wajawazito huimeza ili kuwakinga wanao tumboni. Naitaja kwa sababu inaonyesha kinachotokea pale ambapo madhara ya nadra hayaelezwi kwa uwazi. Watu hawaachi kuyajua. Huyajua vibaya.

Shangazi ndiye shahidi wangu. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliogopa kila kidonge, kwa sababu hakujua ni kipi cha kuogopa. Asiyemjua adui yake humkimbia hata ndugu. Jino liliposhika, alilivumilia mpaka likaoza lote. Alipopata homa, alijifukiza majani. Siku moja alipimwa presha pale kijijini, nambari ya juu ikasoma 190. Muuguzi akampa dawa. Akazipokea kwa adabu, akazificha. Nilipozigundua nikamlaumu. Akanitazama kwa yale macho yake mekundu, makavu, akaniambia: “Mwanangu, presha inaniua polepole. Kidonge kitaniua kwa siku tatu. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na ndoo.”

Sikuwa na jibu. Na bado sidhani kama hofu yake ilikuwa ujinga. Ilikuwa akili iliyonyimwa habari. Yale maneno matatu kwenye kadi, mzio wa dawa, yalikuwa yamemfungia kila mlango wa duka la dawa, ilhali mlango mmoja tu, au miwili, ndiyo iliyokuwa ya kufungwa.

Nikampeleka Mjini kwa daktari kijana, mwanamke mpole, ambaye alifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake: alivuta kiti, akakaa karibu na saa nzima. “Shikamoo, bi mkubwa,” alisema. “Turudi nyuma pole pole.” Shangazi akasema hakumbuki tarehe. Daktari akamwambia hataki tarehe. “Maji yalikuwaje?” Hapo uso wa shangazi ukafunguka. Alianza vidonge bamvua la mwezi mwandamo, alikumbuka, kwa sababu aliumia moyo kulikosa. Alirudi baharini maji mafu yanaanza kuvunjika. Macho yalimshika siku moja kabla ya bamvua la mwezi mpevu, maana kamba mpya zilikuwa tayari na hakuzifunga. Daktari akaandika: siku ya 12 au 13. Kisha akauliza habari za vidonge vyenyewe. Vikubwa vilikuwa vipi? Viwili asubuhi, viwili jioni. Vya 1x3 vilimchoma tumbo? Kimoja, ndiyo. Na tangu hapo, katika dhiki zote, ni dawa gani iliyowahi kupita kinywani mwake akasalimika? Panadol mara mbili, alikiri, na sindano moja ya kung'olea jino.

Kutoka katika kumbukumbu hizo akatengeneza orodha fupi. Vile vya 2x2, kwa ukubwa wao, kwa namna ya kumezwa na kwa ugonjwa wenyewe wa njia ya mkojo, yamkini vilikuwa Septrin, yaani salfa, ambayo ni mmoja wa wakosaji wakuu wa maradhi haya duniani kote. Mshukiwa wa pili, dhaifu zaidi, alikuwa dawa ya maumivu. Hakudai kwamba amethibitisha. Alisema kwamba kumjaribu mtu kwa kumpa tena dawa iliyombabua ni kuyachezea maisha yake, basi tutashika lililo karibu zaidi na ukweli. Akaandika majina kwa herufi kubwa: Septrin, Fansidar na SP, dawa zote za salfa za kuua vijidudu, na ile ya maumivu. Chini yake akaandika kilichotokea na mwaka wake. Akamchagulia dawa ya presha isiyo na undugu na hizo.

Kidonge cha kwanza alikimeza kwetu, mbele ya familia, baada ya kusoma dua ndefu. Tulimngoja bamvua moja. Tukamngoja la pili. Alijitazama viganja kila asubuhi kwenye mwanga wa mlangoni, akajigusa ndani ya midomo kwa ulimi. Bamvua la pili lilipopita ngozi ikiwa salama, aliniita akaniambia maneno ambayo sijayasahau: “Kumbe hazikuwa zote.”

Katika maneno yale matatu imo tafakari yangu yote. Anayetoa dawa bila ya jina, hata akiwa na nia njema na hata dawa ikiwa nzuri, humchukulia mgonjwa kitu ambacho hakuna hospitali itakayoweza kumrudishia. Jina la dawa ni la mgonjwa kama ulivyo mwili wenyewe. Ni haki yake kulisikia likitamkwa, kulishika kwenye karatasi, na kuuliza ikiwa wino haukusomeka. Na anayeona madhara ana deni la kuyafikisha mbele. Tanzania Bara mamlaka ya dawa ina fomu ya njano ya kuripotia madhara hayo. Zanzibar tuna wakala wetu wa chakula na dawa, uliotokana na sheria ya mwaka 2006. Taarifa moja kutoka kijiji kimoja huonekana ndogo. Lakini hata Lyell alianza na wagonjwa wanne, na Stevens na Johnson na wawili tu.

Kwa mwenye kusoma, nasema waziwazi. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa kuogopa lililompata shangazi yangu. Wengi sana huzimeza dawa hizohizo na kupona. Ila ukiwa ndani ya mwezi wa kwanza wa dawa mpya, ukaona homa pamoja na macho mekundu, vidonda vya kinywa au vya sehemu za siri, ngozi inayouma kuliko kuwasha, au madoa yanayotoa malengelenge, usingoje kesho. Acha dawa, na uende hospitali siku ileile. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Doa laweza kuwa la zambarau, la kijivu au jeusi tu. Beba kila pakiti, kila chupa, kila kipande cha karatasi cha mwezi mzima. Usiwashie jiko.

Shangazi sasa amepita miaka sitini. Ile karatasi ya daktari aliitia nailoni isilowe, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga, mahali palepale alipokuwa akifunga fedha ya mwani. Mwanzo nilidhani ameigeuza hirizi, na nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa. Hirizi, alisema, maneno yake hushonewa ndani, na aliyeivaa hayasomi. Hii ni ya kusomwa. Mwezi uliopita nilimsindikiza kituoni, kidonda cha mguu kinamsumbua. Muuguzi alikuwa mpya, kijana, mkono wake uko tayari kwenye kopo la vidonge. Shangazi alilegeza fundo kwa meno, kama wanawake wa pwani wanavyofanya, akaikunjua karatasi juu ya meza na kuisawazisha kwa kiganja.

“Soma kwanza, mwanangu,” alimwambia. “Soma kwa sauti.”